Kabla ya kisu na baada ya kisu: maandalizi na uuguzi katika upasuaji wa kubadili jinsia

1. Utangulizi

Msikilizaji anapotajiwa upasuaji wa kubadili jinsia, mara nyingi fikira zake hukimbilia kisu peke yake: mtu anaingia katika chumba cha upasuaji, saa chache zinapita, naye anatoka akiwa amekwisha kubadilika. Wenye ujuzi wa kazi hiyo huieleza kwa namna nyingine. Kisu huchukua saa chache. Maandalizi huchukua miezi na pengine miaka. Kujiuguza huweza kuchukua mwaka mzima. Aidha, mengi kati ya madhara yanayoogopwa huzuiwa, au hutambuliwa mapema, kwa yale yanayofanywa kabla ya siku yenyewe na baada yake.

Makala haya yanakusudia kueleza sehemu hizo mbili kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kusudi hilo lina sababu yake. Maarifa ya jambo hili humfikia msomaji wa Kongo hasa kwa Kifaransa na Kiingereza, lakini kitandani mwa mgonjwa maagizo hayabaki siku zote katika lugha ya vitabu. Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wanaishi leo Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na huko hospitali huwatumia wakalimani. Mkalimani asiyetofautisha 'kidonda kimefunga' na 'mgonjwa amepona' aweza kufikisha agizo lililopinduka, na katika shughuli hii agizo lililopinduka huonekana mwilini.

Ikumbukwe kwamba yanayosemwa hapa yanawahusu watu wazima, na kwamba hayachukui nafasi ya maneno ya daktari anayemjua mgonjwa wake.

2. Maneno yenyewe

Neno 'jinsia' limetokana na Kiarabu, ambako 'jins' ni aina au namna ya kitu. Waarabu nao walilipata katika Kiyunani, katika neno 'genos'. Neno 'genre' la Kifaransa limetoka katika Kilatini 'genus', ambalo ni la ukoo mmoja na lile la Kiyunani. Kwa hiyo 'jinsia' na 'genre' ni mabinamu waliopitia njia mbili tofauti. Katika maandishi ya Tanzania, wataalamu wamezoea kuligawa jambo lenyewe mara mbili: 'jinsi' ni hali ya maumbile, yaani ya kiume au ya kike, 'jinsia' ni nafasi ya mtu katika jamii na jinsi anavyojitambua. Mgawanyo huo hauzingatiwi na wasemaji wote, lakini unafaa hapa.

Magazeti husema 'upasuaji wa kubadili jinsia'. Wataalamu wengi wa siku hizi hupendelea kusema kwamba upasuaji huu 'unathibitisha' jinsia. Hoja yao ni kwamba kisu hakimgeuzi mtu kuwa mwingine: mtu huyo alikwisha kuitambua jinsia yake, na mwili ndio unaolinganishwa nayo. Makala haya yanatumia usemi uliozoeleka, bila kuipuuza hoja hiyo. Neno 'huntha', linalopatikana katika kamusi, lina maana nyingine: ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike kwa ukamilifu. Huyo siye anayezungumziwa hapa.

Kwa upande mmoja sarufi ya Kiswahili hurahisisha kazi. Mwuguzi anapoandika 'amelala vizuri, hana homa', hakulazimika kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, maana kiambishi 'a-' na kiwakilishi 'yeye' havitofautishi. Mwenzake anayeandika kwa Kifaransa hulazimika kuchagua karibu katika kila sentensi. Lakini kwa upande mwingine adabu yetu hulazimisha yale ambayo sarufi haikulazimisha. Katika miji ya Kongo mtu mzima huitwa 'baba' au 'mama', hata na mwuguzi asiyemjua. Neno moja lililotoka vibaya mlangoni laweza kumfanya mgonjwa asirudi tena, na mgonjwa asiyerudi hana wa kumtazama kidonda. Kwa hiyo yafaa aulizwe tangu siku ya kwanza jinsi anavyopenda kuitwa, na jibu lake liandikwe katika faili.

3. Kutoka Dresden hadi Casablanca

Historia ya upasuaji huu yaonyesha wazi kwamba hatari kubwa haikai katika kisu peke yake. Lili Elbe, mchoraji wa Denmark, alianza kupasuliwa mwaka 1930 mjini Berlin, kisha akaendelea Dresden. Baada ya operesheni ya nne, mwaka 1931, mwili wake haukupona. Uliingiwa na maambukizo, naye akafa mwezi wa Septemba mwaka huohuo. Wakati ule penisilini ilikuwa imekwisha kugunduliwa, mwaka 1928, lakini ilikuwa haijafika hospitalini. Aliyepasuliwa alibaki kuutegemea mwili wake mwenyewe.

Dora Richter, aliyekuwa mtumishi katika Taasisi ya Magnus Hirschfeld mjini Berlin, alipasuliwa mwaka 1931 pia. Watu wa Hitler waliipora taasisi hiyo mwezi wa Mei 1933 na kuvichoma vitabu vyake, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa Dora Richter aliuawa siku zile. Watafiti waliopekua nyaraka katika miaka ya karibuni wamegundua kwamba aliishi hadi mwaka 1966. Katika mwaka uleule mmoja, basi, mgonjwa mmoja alikufa na mwingine akaongezewa miaka 35 ya maisha.

Kwa upande wa wanaume, Harold Gillies, mpasuaji mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amewashona upya nyuso askari waliojeruhiwa katika vita vya 1914-1918. Alikuwa akiinua ukanda wa ngozi, anaukunja uwe kama mrija ili damu isikatike, kisha anausogeza polepole hadi mahali panapohitajiwa. Kwa njia hiyohiyo, kati ya mwaka 1946 na 1949, alimtengenezea uume Michael Dillon, Mwingereza. Kazi hiyo ilihitaji operesheni zisizopungua 13. Kila hatua ilingoja ile iliyotangulia ipone.

Afrika nayo ina nafasi yake. Mjini Casablanca, daktari Mfaransa wa magonjwa ya wanawake, Georges Burou, alianza mwaka 1956 kutengeneza uke kwa kuigeuza ngozi ya uume kuelekea ndani, ili iwe utando wa njia mpya. Mwaka 1973 aliwaeleza wenzake njia hiyo katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Hadi leo ndiyo msingi wa operesheni nyingi za namna hiyo. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo Coccinelle, mwimbaji wa Ufaransa, mwaka 1958; April Ashley wa Uingereza, mwaka 1960; na Jan Morris, mwandishi wa Wales, mwaka 1972. Hao walivuka bahari kwenda na kurudi. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halijaisha: mpasuaji akibaki upande huu wa bahari na mgonjwa akirudi upande ule, nani atakitazama kidonda?

4. Maandalizi

4.1. Uamuzi

Mwaka 1979 kiliundwa chama cha kimataifa cha wataalamu, kikapewa jina la daktari Harry Benjamin, na mwaka huohuo kikatoa mwongozo wa kwanza wa matibabu haya. Jina la chama limebadilika, na mwongozo umepitiwa mara kadhaa. Toleo la saba lilidai barua mbili za wataalamu kabla ya kupasua viungo vya uzazi, pamoja na miezi 12 ya homoni na miezi 12 ya kuishi katika jinsia inayohusika. Toleo la nane, la mwaka 2022, linataka barua moja, na kwa homoni linataja walau miezi 6, isipokuwa kama mgonjwa hazitaki au zinamdhuru.

Barua hiyo si cheti cha wazimu. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, hali hii imeondolewa katika sura ya maradhi ya akili na kuwekwa katika sura ya afya ya ujinsia. Kazi ya mtaalamu ni kuhakikisha kwamba hali hii ni ya kudumu, kwamba mtu anafahamu anachokiomba, na kwamba ameambiwa yasiyorudi nyuma. La kwanza kati ya hayo ni uzazi. Korodani au ovari zikiisha kuondolewa, hazirudi. Anayetaka kupata mtoto wa damu yake hana budi kulisema mapema, ili mbegu au mayai yake yahifadhiwe, mahali ambapo huduma hiyo ipo.

4.2. Mwili

Jambo ambalo wapasuaji hulisisitiza kwa ukali ni tumbaku. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa huishi kwa mishipa hiyohiyo. Ikibanwa, ngozi huwa nyeusi na kufa. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa kuacha sigara, ugoro na kila chenye nikotini kwa muda wa wiki 4 hadi 6 kabla ya upasuaji, na kwa wiki kadhaa baada yake.

Damu hupimwa. Upungufu wa damu na sukari iliyozidi hurekebishwa kwanza. Mwenye selimundu, au mwenye jamaa wenye ugonjwa huo, husema mapema, kwa sababu dawa ya usingizi humtaka daktari achukue tahadhari zaidi. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye dawa zake zimevidhibiti hakataliwi kwa sababu hiyo. Mwenye makovu yanayovimba na kupita mpaka wa kidonda, jambo linalowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, huonyesha makovu yake ya zamani. Dawa zinazofanya damu iwe nyepesi, kama aspirini, husimamishwa kwa amri ya daktari. Kuhusu estrojeni mashauri hutofautiana: wapo wanaoisimamisha kwa wiki 2 hadi 4 kwa hofu ya damu kuganda, na wapo wanaoiacha iendelee.

Nywele nazo ni jambo zito kuliko zinavyoonekana. Ngozi itakayogeuzwa kuwa utando wa ndani haifai kubaki na vinyweleo, kwa maana vitaendelea kuota mahali pasipofikika na kuleta uchafu na maambukizo. Huondolewa kwa umeme au kwa mwali wa leza. Kwa kuwa nywele haziti zote kwa wakati mmoja, kikao kimoja hakitoshi. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, hata mwaka.

Anayetengenezewa uume kwa ngozi ya mkono hupimwa jambo jingine. Njia hiyo, iliyoelezwa mwaka 1984 na Chang na Hwang, wapasuaji wa China, huchukua ngozi ya mkono wa chini pamoja na mshipa mmoja kati ya miwili mikubwa inayopeleka damu kiganjani. Kwa hiyo daktari huibana mishipa yote miwili kwenye kifundo cha mkono hadi kiganja kiwe cheupe, kisha huuachia ule utakaobaki. Kiganja kikirudia rangi yake upesi, mshipa huo unatosha. Kisiporudi, mkono huo hauguswi.

4.3. Nyumba

Maandalizi ya tatu hayamo hospitalini. Nani atapika katika wiki mbili za kwanza? Nani atabeba maji? Choo kiko mbali gani na kitanda? Je, yupo mtu mmoja, awe ndugu au rafiki, anayejua kilichofanyika na anayeweza kuitwa usiku? Mgonjwa aliyeficha jambo lake kwa watu wote huona aibu kulisema hata pale homa inapopanda. Wengi hulipa fedha zote kwa operesheni, wasibakize chochote kwa chumba safi, chakula na safari ya kurudi kwa daktari. Hesabu ya namna hiyo imekosewa tangu mwanzo.

5. Siku yenyewe

Upasuaji huu hauna sura moja. Kuna wanaoondolewa matiti peke yake. Kuna wanaoondolewa kizazi na ovari. Kuna wanaoondolewa korodani bila jambo jingine. Kuna wanaotengenezewa uke, au uume. Wengine hawapasuliwi kamwe, na jinsia yao haipungui kwa sababu hiyo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe kuna agizo moja ambalo mkalimani hana ruhusa ya kulikosea, nalo ni la kufunga. Kwa kawaida chakula hukatazwa kwa muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu kwa muda wa saa 2. Sababu yake ni kwamba aliyelazwa kwa dawa hawezi kujizuia. Chakula kikimrudia, chaweza kuingia mapafuni na kumwua. Lakini agizo hilo likitamkwa 'usile baada ya saa sita', hatari imeanza. Msemaji wa pwani akiambiwa saa sita usiku huelewa katikati ya usiku. Mkongo aliyezoea kuhesabu saa kama Wafaransa aweza kuelewa saa 6 ya asubuhi, akala alfajiri na mapema huku akidhani ametii. Mkalimani mwangalifu husema: 'Chakula cha jioni kiwe cha mwisho, tangu unapolala hadi utakapoingizwa, usile kitu.'

6. Kujiuguza

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaa pamoja: 'kuugua', 'kuuguza' na 'kujiuguza'. Katika cha kwanza mtu anapatwa. Katika cha pili mwingine anamtunza. Katika cha tatu mgonjwa mwenyewe ndiye mtenda kazi. Baada ya upasuaji huu kitenzi cha tatu ndicho kinachotawala.

6.1. Kifua

Aliyeondolewa matiti huamka akiwa na mirija miwili midogo inayotoa majimaji chini ya ngozi. Mirija hiyo hukaa kwa muda wa wiki moja hivi, na kila siku majimaji hupimwa na kuandikwa. Kifua hufungwa kwa kitambaa cha kubana kwa wiki kadhaa. Mikono haiinuliwi juu ya mabega, wala mizigo haibebwi, kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Ndoo ya maji ni mzigo. Mtoto mgongoni ni mzigo pia.

6.2. Uke

Aliyetengenezewa uke hukaa hospitalini siku kadhaa, huku njia mpya ikiwa imejazwa bandeji na mpira wa mkojo ukiwa mahali pake. Bandeji hiyo hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi. Tangu hapo huanza kazi ambayo wengi hawakuitazamia, nayo ni ya kupanua.

Maelezo yake ni haya. Mwili haujui kwamba njia hiyo imekusudiwa. Huiona kama kidonda, na desturi ya kidonda ni kufunga. Ukiachiwa, utaifunga. Kwa hiyo mgonjwa hutumia kifaa laini cha kupanulia, kilichopakwa mafuta maalumu, mara kadhaa kila siku katika miezi ya kwanza, kisha mara moja kwa siku, kisha mara chache kwa wiki, kwa miaka. Kila mara yaweza kuchukua dakika 10 hadi 30. Anayeacha kwa uchovu au kwa maumivu huikuta njia imepungua, na kilichopotea hakirudi ila kwa operesheni nyingine. Hapa mkalimani akisema 'kidonda kikifunga, umepona', amesema kinyume cha kweli. Nyuzi za nje na zifunge. Njia ya ndani isifunge.

Kukaa kitako kwa muda mrefu huepukwa, na kuogelea pia. Kazi nyepesi huweza kurudiwa baada ya wiki 6 hivi, na tendo la ndoa hungoja ruhusa ya daktari, mara nyingi baada ya miezi mitatu. Uvimbe hupungua kwa miezi, na umbo la mwisho huonekana karibu na mwaka. Damu kidogo katika siku za kwanza haitishi. Damu inayotiririka, homa, usaha wenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika, au hewa na kinyesi kupitia njia mpya, hayo humrudisha mgonjwa hospitalini siku hiyohiyo.

Dalili ya mwisho katika orodha hiyo ni ya fistula, yaani tundu kati ya njia hiyo na njia ya haja kubwa. Hutokea kwa nadra, lakini jina lake si geni Kongo. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imejulikana duniani kwa kuwatibu wanawake walioharibiwa kwa jeuri au kwa uzazi mgumu. Chanzo cha majeraha hayo ni kingine kabisa, wala haifai kuyachanganya. Hata hivyo elimu ya uuguzi ni jirani. Aliyeshonwa fistula ya kibofu huachiwa mpira wa mkojo kwa siku nyingi ili kibofu kisijae na kuvuta nyuzi. Wauguzi wetu waliokwisha kuyajua hayo kwa Kiswahili wana msamiati ambao kamusi nyingi hazina.

6.3. Uume

Aliyetengenezewa uume kwa ngozi ya mkono hulindwa kama mtoto mchanga. Katika siku za kwanza mwuguzi hukitazama kiungo kipya kila saa, usiku na mchana: rangi yake, joto lake, na mpigo wa damu unaosikilizwa kwa chombo. Mshipa ukiziba, mgonjwa hurudishwa chumbani mwa upasuaji bila kungoja asubuhi. Mkono uliotoa ngozi huzibwa kwa kiraka cha ngozi ya paja, na vidole hufanyishwa mazoezi. Kazi hii hufanywa kwa hatua zinazotengwa na miezi, na tatizo la kawaida ni la njia ya mkojo: kuvuja pembeni au kuwa nyembamba mno. Mgonjwa aliyeambiwa hayo mapema huyapokea kama hatua moja katika safari. Asiyeambiwa hudhani kila kitu kimeharibika.

6.4. Moyo

Katika wiki za kwanza wengi hulia bila kujua sababu. Maumivu, dawa, kukosa usingizi, homoni zilizovurugika na upweke vyote hushiriki. Huzuni hiyo si sawa na majuto, na kwa kawaida hupungua mwili unapopata nguvu. Ikizidi au ikidumu, mgonjwa huonana na mtaalamu. Kuhusu majuto yenyewe, uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulikusanya tafiti 27 zenye watu 7.928, ukaona kwamba waliojuta walikuwa karibu 1 kwa mia. Haifai kuichukua tarakimu hiyo bila tahadhari, kwa kuwa tafiti nyingi za namna hii hupoteza habari za baadhi ya wagonjwa walioondoka. Hata hivyo haiungi mkono dhana kwamba wengi hujuta.

7. Miaka inayofuata

Kupona si mwisho wa kuonana na daktari. Asiyekuwa tena na korodani wala ovari hahitaji kuacha homoni akidhani kazi imekwisha. Akiziacha, mifupa yake hudhoofika. Aliyetengenezewa uke bado ana tezi dume, na uzeeni tezi hiyo yaweza kuugua. Mwanamume aliyebakiwa na mlango wa kizazi bado huhitaji kupimwa saratani ya hapo. Faili inayoandika 'mwanamke' au 'mwanamume' bila kuandika viungo vilivyobaki humsahaulisha daktari.

Barani Afrika nafasi ni chache. Afrika ya Kusini ina sheria ya mwaka 2003 inayomwezesha mtu aliyetibiwa kuomba jinsi yake ibadilishwe katika vitabu vya serikali, na hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town, ileile iliyopandikiza moyo wa kwanza mwaka 1967, imekuwa na huduma kwa watu hawa. Lakini wanaoomba ni wengi kuliko vitanda, na watu husubiri miaka mingi. Wenye uwezo huvuka mipaka. Kwao swali la Casablanca linarudi: kabla ya kununua tiketi, yampasa mtu kujua jina la daktari wa nyumbani atakayempokea, naye huyo awe na barua ya mpasuaji inayoeleza kilichokatwa, kilichoshonwa na kinachotazamiwa.

8. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba kitenzi kimoja, 'kufunga', kimepita katika makala haya mara kwa mara. Mgonjwa hufunga chakula kabla ya kisu. Hufungwa kifua baada yake. Kidonda hufunga, na mara nyingine hakiruhusiwi kufunga. Wasemaji hawatatanishwi na maana hizo wanapozungumza sokoni au nyumbani, kwa kuwa hali yenyewe huwafafanulia. Hospitalini, mgonjwa akiwa na maumivu na mkalimani akiwa na haraka, hali haifafanui kila kitu.

Kwa hiyo kazi ya wanafunzi wa Kiswahili katika jambo hili haikomei katika kutafuta jina zuri la upasuaji wenyewe. Kazi iliyo kubwa zaidi ni kuandika maagizo ya kabla na ya baada kwa maneno ambayo mtu wa Lubumbashi, wa Bukavu na wa Kisangani atayaelewa kwa namna moja: saa ngapi asile, kwa siku ngapi asibebe, nini kifunge na nini kisifunge, na dalili gani imrudishe hospitalini usiku uleule. Kisu ni cha daktari. Siku zote zilizobaki ni za mgonjwa, na atazipitia katika lugha anayoielewa.